Vidole vya Mwanikaji

Sijawahi kumjua mtu mwoga kama yule mama, na sijawahi kumjua shujaa aliyemzidi. Najua maneno hayo mawili hayapikiki chungu kimoja, lakini niliishi naye ukuta kwa ukuta pale Manundu, Korogwe, miaka kumi na minne, na nilichokiona ndicho ninachokisimulia.

Mtaani tulimwita Mwanikaji. Kazi yake tangu ujana ilikuwa kuanika singa, zile nyuzi za mkonge zikishatoka kwenye mashine, mbichi bado, zinachuruzika maji makali yanayowasha ngozi. Wanaume walikata, wanawake walianika. Alianika zaidi ya miaka ishirini, mpaka shamba lile likafa, kisha akahamia kusokota kamba uani kwake na kuwauzia wafugaji waliokuja mjini siku za gulio. Ukimpa mkono kwa mara ya kwanza ulishituka. Viganja vilikuwa vigumu kama gome, lakini ncha za vidole zilikuwa laini, zimeng'aa, mithili ya kipande cha sabuni kilichobaki mwishoni. Mimi nilizoea mikono ile nikiwa mtoto, ikinisuka nywele, sikujua kama kuna siku itanipeleka polisi.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala wazazi wake walitoka upande gani. Hakupenda kuulizwa. Waliokulia kwenye makambi ya mkonge, wazee wao walitoka kila pembe, na wengine walivuka mipaka wakiwa hawajui kama ni mipaka. "Mimi ni wa hapa," alikuwa akisema, na hapo mazungumzo yalikwisha.

Swila aliwahi kuingia jikoni kwetu, akajikunja nyuma ya debe la maji. Baba yangu alitoka mbio, mama akapanda juu ya kinu. Mwanikaji alisikia kelele, akaja na mchi, akamponda kichwa, akamtoa kwa mkia huku akimlaumu mama kwa kuacha kuni ndani. Mwenyekiti wa mtaa pia hakumwogopa. Siku moja alimkatiza mkutanoni akamwambia, "Bwana mwenyekiti, umeongea tangu saa nne na bomba bado limekauka." Watu walicheka hadi mwenyekiti naye akacheka.

Alichokiogopa ni mtu aliyeshika kalamu.

Akiona kijana amening'iniza kitambulisho shingoni, anakuja nyumba hadi nyumba na karatasi, Mwanikaji aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa kimya hata chungu kikaungua jikoni. Walipogawa vyandarua vya bure alikataa cha kwake kwa sababu ilibidi jina liandikwe. Nilimwambia, "Bibi, ni chandarua tu." Akanijibu, "Mbu namjua, anauma anaondoka." Picha hakupiga. Kwenye harusi ya dada yangu alipika pilau la watu mia mbili, lakini ukitazama albamu nzima utaona kiwiko chake tu, kwenye picha moja, anajiondoa.

Mashine za kuandikisha wapiga kura zilipofika kwetu mara ya kwanza, alibeba jembe na kibuyu akaenda shambani kwake Kwedizinga, kule Handeni, akakaa siku saba mpaka aliposikia zimeondoka. Aliporudi alikuta baba yangu ana kadi mpya yenye sura yake. Aliitazama kwa mbali, hakuigusa. "Wamechukua na vidole?" aliuliza. Baba akasema ndiyo, vyote kumi. Mwanikaji akatikisa kichwa. "Sasa utajificha wapi, mwenzangu?"

Sababu alinieleza mara moja tu. Nilikuwa namshikia ncha ya kamba ili asokote, na sijui nini kilimfungua kinywa.

"Nilikuwa na miaka kama tisa," alisema. "Karani alikuwa anasoma majina ya wanaokaa kambini. Akafika kwetu, akapita. Mama akasema, bwana karani, umeniruka. Yule akatazama daftari lake, akasema, humu jina lako halimo. Mama akasema, nipo mbele yako, hunioni? Karani akasema, mimi nawajua walio humu. Hata jua halijafika katikati, vyombo vyetu vilikuwa nje."

"Mlienda wapi?"

"Tulienda." Akavuta kamba. "Shika vizuri, unalegeza."

Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani muda mrefu bila kazi, kisha ukatangazwa uboreshaji mwingine wa daftari la wapiga kura, nikaomba, nikachaguliwa kuwa opereta wa kituo cha mtaani kwetu. Tulifundishwa siku mbili. Kishikwambi, kamera, printa ya kadi, na kile kifaa kidogo chenye kioo ambacho mtu anaweka vidole kinawaka kijani. Mwalimu wetu alisisitiza jambo moja mpaka tukachoka kulisikia: alama za kila mtu zitalinganishwa na za watu wengine wote, nchi nzima, na aliyejiandikisha mara mbili atajulikana. Ni kosa la jinai. Nililiandika kwenye daftari langu nikalipigia mstari.

Sikutegemea Mwanikaji angekuja. Lakini wiki hiyo kulikuwa na mkutano kuhusu vipande vya lile shamba la zamani ambavyo wananchi wangegawiwa, naye akasimama kuuliza kama waliofanya kazi pale watafikiriwa. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Huyu hata kadi ya kura hana. Tunajuaje ni wa wapi?" Nilimwona akikaa chini polepole, akiangalia miguu yake.

Siku ya nne ya uandikishaji alikuwa kwenye foleni. Amevaa khanga mpya, amepaka mafuta mikono. Alipofika mezani nilimwamkia, "Shikamoo bibi," na sauti yake ilipojibu marahaba ilikuwa nyembamba, si yake. Mwenzangu wa kituoni aliyekuwa akijaza fomu alimaliza maswali, akaenda nje kupanga foleni iliyokuwa imeanza kusukumana. Nikampiga picha. Alifumba macho mara mbili, ya tatu ikatoka.

"Sasa vidole, bibi. Weka hapa vinne, usibonyeze sana."

Akaweka. Kioo kikawaka kijani, kisha kikageuka chekundu. Kishikwambi kikaandika: alama hazisomeki, rudia.

Tukarudia. Nikamfuta mafuta kwa kitambaa. Nyekundu. Nikamwambia avipanguse kwenye khanga, avipulizie pumzi, abonyeze kwa nguvu. Nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Dole gumba, nyekundu. Nje watu walianza kulalamika, "Huko ndani mnaandikisha au mnapika?" Kwa mtu wa namna hiyo tulikuwa na utaratibu: unaingia sehemu ya dosari kwenye kishikwambi, unachagua sababu, msimamizi anathibitisha. Nilimpigia msimamizi mara tatu, simu haikupatikana.

Mwanikaji alikuwa ameondoa mikono kwenye meza, ameificha chini ya khanga.

"Imenikataa," alisema.

"Haijakukataa, bibi. Ni vidole tu vimelika."

"Imesema simo." Machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Mwanangu, imesema simo humo."

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilinishika. Ningeweza kumwambia arudi kesho. Ningeweza kusubiri simu ipatikane. Lakini nilimwona yule mtoto wa miaka tisa amesimama mbele yangu, nami ndiye karani. Nikageuza kile kifaa, nikaweka vidole vyangu vinne. Kijani. Mkono wa pili, kijani. Madole gumba, kijani. Printa ikakoroma, kadi ikatoka yenye sura yake, macho yametoka kwa hofu.

"Umefanyaje?" aliuliza.

"Imekubali," nikamwambia. "Nenda nyumbani, bibi."

Alijua. Alikuwa ameniona. Aliifunga kadi kwenye pindo la khanga akatoka akiwa ameshika ukuta.

Tangu saa ile hofu yake ilihamia kwangu. Nilikuwa nakula, nakumbuka. Nafua, nakumbuka. Nilijiambia kwamba mashine nyingi, watu wengi, nani atanibaini. Kisha nakumbuka ule mstari nilioupiga kwenye daftari. Pikipiki ikisimama nje ya nyumba yetu, nilichungulia dirishani. Zikapita wiki tatu, nikaanza kupumua. Siku ya Ijumaa simu ikaita.

"Wewe ndiye uliyekuwa opereta wa kituo cha Manundu?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, haina haraka. "Tuna watu wawili wenye alama za vidole za mtu mmoja. Mmoja wao ni wewe. Jumatatu saa tatu uwe hapa ofisi ya uchaguzi. Na huyu mama wa pili tunamtafuta pia."

Kesho yake mchana nilikwenda kwa Mwanikaji. Na hapa ndipo penye aibu yangu, afadhali niiseme yote. Sikwenda kumwomba msamaha. Nilikwenda kumwondoa.

"Bibi, nenda Kwedizinga," nilimwambia. "Ukae huko. Hata mwezi."

Alikuwa anasokota. Aliweka kamba chini. "Wamejua?"

"Wamejua."

"Nikienda, wewe utasemaje?"

"Nitasema mashine ilichanganya."

"Na mimi wakiniulizia?"

"Hawatakupata."

Aliikalia mikono yake miwili. "Kwa hiyo wataandika kwamba nimekimbia," alisema. "Watasema, mnaona? Alikuwa mgeni, amerudi kwao."

Niliondoka. Jumapili asubuhi nikaona kufuli mlangoni kwake, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilikaa siku nzima nikipanga uongo wangu. Kifaa kiliganda. Taarifa ziliingiliana. Huyo mama sijui alipo.

Jumatatu nilifika ofisini kabla ya saa tatu. Kwenye benchi la nje, peke yake, alikuwa amekaa Mwanikaji. Viatu vyake vilikuwa na vumbi jekundu la Handeni.

"Bibi! Si ulikwenda?"

"Nilikwenda. Nilifika shambani, nikakaa juu ya kisiki, nikasema sasa nimefika. Halafu nikaona siwezi kukaa." Meno yalikuwa yanagongana kama mtu wa homa. "Nimepanda gari la kwanza. Usinisemeshe, mwanangu, nikisemeshwa nitaondoka."

Tukaitwa pamoja. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imeshuka puani, mpole kuliko nilivyoomba, na upole ule ulinitisha zaidi. Kwenye kompyuta yake sura zetu mbili zilikuwa zimewekwa ubavu kwa ubavu, mimi natabasamu, yeye ametoa macho. Chini yake, mistari ya alama za vidole, safu mbili zinazofanana.

"Mama," afisa alianza, "hivi vidole ni vyako?"

Mwanikaji alitoa mikono kwenye khanga akaiweka mezani, viganja juu.

"Vyangu ni hivi. Havina kitu."

Afisa alivitazama. Alichukua kifaa, akavijaribu kimoja kimoja. Nyekundu. Nyekundu. Alivua miwani. "Ulifanya kazi gani, mama?"

"Singa."

Afisa hakuuliza zaidi kuhusu hilo. Akanigeukia mimi, lakini Mwanikaji akawahi.

"Mimi ndiye niliyemlazimisha. Nilimwambia weka vyako. Yeye ni mtoto, aliniogopa."

Uongo niliouandaa siku nzima ulikuwa pale tayari, na mwingine ulio bora kuliko wangu nilikuwa nimepewa bure. Ningenyamaza tu. Nilihesabu pumzi mbili, tatu. Kisha nikasikia sauti yangu.

"Si kweli. Hakuniomba. Niliweka mwenyewe, nikijua ni kosa."

Afisa aliandika. Aliandika kwa muda mrefu, na kwa kila neno nilimwona Mwanikaji akifuata ile kalamu kwa macho kama mtu anayemtazama nyoka naye hana mchi wa kumpigia. Mwishoni afisa akasema, "Mama, wewe hatutakushitaki. Lakini usajili huu si halali. Ni lazima jina lako lifutwe."

Niliogopa kumtazama. Nilisubiri azimie, apige kelele, akimbie.

"Utafuta wapi?" aliuliza.

"Hapa hapa, kwenye mfumo. Na kadi uirudishe."

"Nitaona?"

"Ukitaka."

"Nataka kuona. Mara ile sikuona."

Afisa hakuelewa "mara ile" ni ipi, lakini aligeuza kompyuta. Mwanikaji alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Afisa akabonyeza, akaulizwa na mashine kama ana uhakika, akabonyeza tena. Sura ya mwanamke aliyetoa macho ikatoweka, nikabaki mimi peke yangu natabasamu. Mwanikaji hakupepesa.

"Kuna awamu ya pili miezi michache ijayo," afisa alisema kwa sauti ya chini. "Nenda kituo chochote unakoishi, waambie wapitie sehemu ya dosari. Ni haki yako, mama. Usikubali wakurudishe."

Mwanikaji alipoinuka niliona kiti kimelowa, na khanga yake nyuma imelowa pia. Nilivua mtandio wangu nikamfunga kiunoni kabla afisa hajaona. Nafikiri aliona, maana aliinama ghafla kutafuta kitu kwenye droo ambacho hakikuwapo. Tulitoka tumeshikana. Nje Mwanikaji alikaa tena kwenye lile benchi, akapumua, akasema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi leo vyote viwili vimenipitia." Wala hakucheka.

Mimi nilifutwa kwenye orodha ya waandikishaji siku hiyo hiyo. Niliandika maelezo polisi, nikaambiwa niwe naripoti kila wiki. Niliripoti miezi saba. Kila nilipoingia pale sikujua kama nitatoka. Mwishowe mpelelezi mmoja aliniambia faili limefungwa kwa onyo, niende, na nisionekane tena karibu na kifaa cha uandikishaji. Nilikwenda, mpaka leo sijaomba kazi yoyote yenye kompyuta.

Mwanikaji alihama katikati ya miezi hiyo. Hakuniaga. Aliniachia kamba mbili mpya zimening'inizwa kwenye msumari wa mlango wetu, na mama akaniambia kwamba sasa anaishi moja kwa moja Kwedizinga, analima mahindi na mbaazi. Nilichelewa kumfuata. Nilijiambia nauli, nilijiambia mvua, lakini kilichonichelewesha ni lile swali lake, wewe utasemaje.

Nilimkuta mwaka jana. Nilishuka barabarani, nikauliza kwake, mwanamke mmoja aliyebeba kuni akanielekeza si nyumbani bali ofisi ya kijiji. Daftari la awali la wapiga kura lilikuwa limebandikwa ukutani siku hizo ili watu wakague majina yao, na kama mtu ana pingamizi juu ya mwingine aliweke. Watu walikuwa wamekwisha kutazama, wameondoka. Yeye alikuwa amekaa chini ya karatasi zile, amekonda, mvi zimejaa, fimbo mapajani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba." Alinitambua kwa sauti kabla ya kuinua uso. "Umekuja kusoma?"

"Nimekuja kukuona."

"Soma kwanza. Mimi sijui kusoma, na hawa wa hapa nimewauliza mpaka naona haya."

Nilisimama ukutani. Karatasi zilikuwa nyingi, sura ndogo ndogo, majina kwa mpangilio wa alfabeti. Nilipitisha kidole chini taratibu, na nakuapia niliogopa kuliko siku ya polisi. Ukurasa wa kwanza, hakuna. Wa pili, hakuna. Nyuma yangu nilimsikia ameacha kupumua. Wa tatu nikaona sura, khanga imefunika kichwa, macho yametazama mbele. Nikalisoma jina lake lote, la kwake, la baba, la babu.

"Limeandikwaje?"

Nikamsomea tena, silabi kwa silabi.

"Walijaribu vidole mara sita," alisema. "Kijana akaniambia nirudi kesho. Nikamwambia sirudi, tafuta sehemu ya dosari. Akaitafuta, akaipata."

Niliketi chini kando yake. Maneno niliyoyabeba tangu Korogwe yalitoka yamevunjika vunjika. Nilimwambia kwamba siku ile sikumtuma Kwedizinga kwa ajili yake. Nilitaka apotee ili mimi nipone. Nilimwambia kwamba nilipoona kufuli nilifurahi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Kila siku uliingia ndani kwangu bila hodi. Siku ile ulisimama mlangoni." Alinyoosha mguu uliokuwa umekufa ganzi. "Ulikuwa unaogopa. Na mimi, pale kwenye kisiki, nilikuwa nimeamua nikuache ufungwe. Nilikaa na uamuzi huo saa nzima. Kwa hiyo nyamaza."

Mbuzi wa mtu walikuja kutoka upande wa zahanati, wakawa wanalamba ukuta. Mmoja alijiinua kwa miguu ya nyuma akafikia pembe ya karatasi ya mwisho, akaichana, akaitafuna. Mwanikaji aliruka juu kwa wepesi ambao sikuutegemea, akamchapa, akawafukuza wote hadi barabarani, kisha akarudi anahema, amekunja uso.

"Karatasi ya ngapi hiyo?" aliuliza kwa hofu.

"Ya nane. Wewe uko ya tatu."

"Ya nane nayo ina watu," alisema.

Nilimwambia gari la mwisho linakaribia, twende nyumbani kwake angalau nikamwone anakoishi. Akasema nitangulie, nyumba ni ile yenye bati jipya, mlango haujafungwa, maji yako mtungini. Yeye atakuja baada ya mtendaji wa kijiji kuzitoa karatasi na kuziweka ndani.

"Anazitoa saa ngapi?"

"Jua likizama."

Jua lilikuwa bado juu. Nilimwacha amesimama, mgongo ukutani, fimbo mkononi, anatazama mbuzi walikokimbilia.